Mabonge Tisa ya Uzi

Barua ya masista ilikuwa na orodha ya vitu kumi na vinne, na kumi na vitatu vilikwishapatikana. Godoro lilikuwepo, limekunjwa na kufungwa kamba. Ndoo ilikuwepo, na jembe, na shuka mbili, na sanduku la bati ambalo Bundala alilinunua Bariadi akashuka nalo stendi, akalibeba kichwani mpaka nyumbani. Watu wawili walitaka kumsaidia kwa baiskeli, akakataa katakata, maana alitaka kijiji kizima cha Migato kilione. Kilichobaki ni namba kumi na nne, nayo ilisema hivi: sweta moja jeupe, lililofumwa kwa mkono na mtu wa nyumbani kwa msichana. La dukani halikubaliwi. La mitumba halikubaliwi.

Chini kabisa Sista Felisita, mkuu wa shule, alikuwa ameongeza kwa kalamu yake mwenyewe: "Asiyekamilisha vitu vyote hatapokelewa. Nafasi ni ishirini, na wanaosubiri nje ni wengi."

Eufrasia aliisoma barua ile mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Mwanawe Veronica, ambaye nyumbani walimwita Vero, alikuwa na miaka kumi na saba. Miwili kati ya hiyo alikuwa amekaa nyumbani tangu amalize darasa la saba, akilima pamba na kusikiliza washenga wakibisha hodi. Sasa masista wa Sola, kule Maswa, walikuwa wamemchukua kwenye shule yao ya ufundi: kushona, kufuma, upishi, na hesabu za duka. Kutoka Migato nzima ni yeye peke yake. Shule ilikuwa inafungua Jumatatu ya tatu ya Agosti, na Agosti ilikuwa inabisha hodi.

"Sweta tu!" Bundala alisema. "Mama Vero, si unajua kufuma?"

"Kufuma najua, baba Vero. Nifume kwa nini? Kwa ukili?"

Na kweli alijua. Alifundishwa na akina mama wa parokia kabla hajaolewa, na spoku zake mbili za baiskeli, alizozinoa mwenyewe kwenye jiwe, bado zilikuwa zimechomekwa kwenye nyasi za paa zikisubiri kazi. Kilichokosekana ni uzi.

Basi akaenda Bariadi. Alivaa kanga yake ya jumuiya ya kanisani, akaingia duka la kwanza, la pili, la tatu. Katika duka la nne mwenye duka alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Uzi wa kufumia? Mama, ulikuwa umelala tangu lini? Uzi ule ulikwisha kiwanda kilipofungwa. Huu ni mwaka wa tisini na tano, soko huria! Sweta zinakuja zimeshafumwa, tena kwa marobota. Vuka barabara hapo ujichagulie."

Alivuka. Mwuza mitumba alikuwa na sweta jeupe moja, zuri, ila kifuani limechorwa mnyama mwenye pembe kama matawi ya mkakaya.

"Huyu nani?" Eufrasia aliuliza.

"Swala wa Ulaya. Unashangaa nini, lipa uvae."

"Nilikuwa nafikiria nilifumue nichukue uzi."

"Fumua! Hilo limekatwa kwa mashine, dada yangu, likifumuka linatoka vipande vipande kama tambi. Halafu toa mkono. Jeupe hilo, na hivyo vidole ni vya kupalilia."

Eufrasia aliviangalia vidole vyake. Vilikuwa visafi, alikuwa ameviosha mara mbili asubuhi ile, lakini mikwaruzo ya pamba haioshwi na sabuni. Akavificha chini ya kanga, akarudi Migato bila kununua hata pipi.

*

Sayi, mama mkwe wake, alikuwa amekaa uani akinusa ugoro.

"Mwadila, mayu," Eufrasia alimwamkia, akapiga goti.

"Mwadila, mwanangu. Umepata?"

"Yaya. Sikupata. Uzi umekwisha dunia nzima."

Bibi kizee alipiga chafya mbili, akafuta pua taratibu, akaelekeza kidole kwenye chumba cha stoo. Mlango wake ulikuwa haufungi vizuri kwa sababu ya pamba iliyojaa humo mpaka darini.

"Nyumba imejaa pamba mpaka kuku wanakosa pa kutagia, na wewe unakwenda Bariadi kutafuta uzi. Hivi hao wa kiwandani wao uzi wanautoa wapi? Kwa Mungu?"

"Mayu, ile ni mashine."

"Mama yangu mimi alikuwa mashine? Kitambaa cha merikani kilikuwa hakijaenea kwetu, tulivaa nini? Nilikuwa mtoto, lakini macho nilikuwa nayo. Niletee kibuyu kilichopasuka."

Kesho yake kazi ilianza. Sayi alikata kigae cha kibuyu, duara kama sahani ya chai, akakitoboa katikati akapitisha kijiti kilichonyooka: hicho ndicho cha kusokotea. Eufrasia na Vero walichagua pamba iliyo safi, ile ya mchumo wa kwanza isiyo na jani wala doa. Mbegu walizitoa kwa kuviringisha kipande cha nondo juu ya jiwe bapa, pamba ikipita upande huu na mbegu zikirukia upande ule. Kisha Sayi akaipiga kwa kamba ya upinde mdogo, twa, twa, twa, mpaka ikafumuka ikawa nyepesi hata ukipumua karibu inahama. Wakaiviringisha mapajani iwe mikunjo mirefu laini. Ikabaki kusokota.

Loo! Kusokota! Kijiti kinazungushwa kwa mkono mmoja na kuachwa kining'inie, mkono mwingine unavuta pamba kidogo kidogo, na uzi unajitengeneza katikati. Maneno rahisi hayo. Siku ya kwanza uzi wa Eufrasia ulikatika kila hatua, na pale usipokatika ulikuwa hapa mnene, pale mwembamba, hapa tena mnene. Jirani yao Nyanjige, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, alikuja kuomba chumvi. Aliuona uzi ule akashika kiuno.

"Hiki ni nini, mama Vero? Mnyoo?"

"Kaa basi usokote wewe tuone."

Alikaa akasokota, na wa kwake ulikuwa mbaya kuliko wa Eufrasia. Wakacheka wote mpaka Sayi akajamba, wakacheka zaidi. Toka siku ile Nyanjige hakuja tena kwa ajili ya chumvi. Kila alasiri alikuja kusokota. Aliyewashinda wote ni Vero. Vidole vyake vilikuwa vimezaliwa vikijua. Kijiti kilizunguka mbele yake kimya, na uzi ulishuka sawasawa, na mama yake alikuwa akimtazama moyo ukimjaa mpaka anajifanya kutoa vumbi la pamba machoni.

Baada ya wiki mbili walikuwa na mabonge tisa, kila moja limekazwa kama ngumi. Eufrasia akachomoa spoku zake paani, akafuma kipande cha majaribio, kiganja kimoja.

Kipande kile kilikwenda upande. Alikinyoosha, kikajikunja. Alikiweka juu ya goti, kikajisokota chenyewe kama kinakimbia mtu. Hata uzi, ukiuachia mwisho wake, ulijirudi ukajifunga mafundo.

"Uzi wako una kichaa," Nyanjige alisema.

Sayi alikikodolea macho kipande kile kwa muda mrefu. "Kuna kitu mama yangu alikuwa anafanya mwishoni," alisema. "Kitu kimoja tu. Kilikuwa kidogo. Kimenitoka."

"Kumbuka, mayu. Zimebaki siku kumi na moja."

"Unadhani sikumbuki kwa makusudi? Kitarudi. Yafiche hayo mabonge, panya wa nyumba hii hawana dini."

Basi Eufrasia aliyazika mabonge tisa katikati ya gunia la pamba, kwenye kona ya stoo. Gunia lile akalifunga mdomo kwa kitambaa chekundu alichokichana kwenye kanga kuukuu, lisije likachanganywa na manne ya kuuza.

*

Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na chama cha ushirika kilikuwa kimefunga mlango kikaacha popo ndani. Zamani karani wa chama alikuwa akiishika pamba, akiinusa, akiitenga safi huku na fifi, ile yenye madoa, kule. Wanunuzi wapya hawakuwa na muda huo. Lori linakuja, mizani inatundikwa, gunia linapandishwa, pesa hii hapa, haya mwingine. Waligombania pamba kama watu wanaogombania bibi harusi. Na wakulima, ambao miaka yote walipunjwa, wakagundua kwamba anayenunua bila kutazama unaweza kumuuzia hata maji.

Maji hasa. Maji na mchanga wa mtoni, vya kuongezea kilo.

Alhamisi asubuhi, wiki ikiwa imepita na Sayi bado hajakumbuka, Eufrasia alirudi kisimani na ndoo kichwani, Vero nyuma yake. Akakuta mlango wa stoo uko wazi na sakafu imelowa. Kando ya kizingiti palikuwa na fungu dogo la mchanga mweupe, na tawi la mnyaa la kunyunyizia, likichuruzika maji. Magunia yote matano hayakuwepo.

Aliitua ndoo kwa nguvu hadi maji yakamwagikia miguu yake.

"Baba yako," alimwambia Vero. "Baba yako ametia maji! Na gunia langu!"

Sayi alikuwa anatoka kwa jirani. "Nimepishana na tela lake la maksai njiani," alisema. "Lori limewahi, amekwenda mbio gulioni. Kuna nini?"

Mama na binti walikuwa wamekwishashika njia, kanga mkononi, na bibi kizee akageuka na fimbo yake akawafuata.

Gulio halikuwa mbali, karibu na kanisa la kigango ambalo Januarius katekista alikuwa analijenga upya. Walifika wakitweta. Mizani ilikuwa imetundikwa kwenye miti mitatu, na karani wa mnunuzi, kijana aitwaye Mahona mwenye kofia ya kitambaa na kalamu sikioni, alikuwa anasoma namba. Gunia la mwisho la Bundala lilikuwa linaning'inia.

"Humu mna nini, mzee, mbona zito?"

"Pamba tu, bosi," Bundala alisema, mikono nyuma, uso wa mtu anayetoka kupokea komunyo. "Pamba tupu."

Eufrasia alimvuta pembeni kwa mkono wa shati.

"Lile lenye kitambaa chekundu liko wapi?"

"Lile!" Uso wa Bundala uling'aa. "Nilijua umeweka alama ya gunia bora. Nimelitia maji mara mbili. Limetoa kilo sabini na moja, mama Vero!"

"Lina uzi wa Vero ndani. Mabonge yote tisa."

Tabasamu la Bundala halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni pake halina kazi, kisha likaanguka. Aligeuka kutazama. Magunia yaliyopimwa yalikuwa yamerundikwa kando ya lori, yake na ya Shigela na ya watu wengine watatu, yote ya katani, yote yamefungwa kwa kamba ileile ya mkonge. Juu ya lori wanaume wawili walikuwa wanakanyaga pamba ishuke, na wa tatu alikuwa anainua gunia jingine alimwage. Uzi ukishaingia kule, utaondoka na lori.

"Kitambaa kiko wapi?" Eufrasia aliuliza.

"Nimefungia nira ya maksai."

Bundala akakimbilia kwa Mahona. "Bosi, subiri kidogo! Naomba nifungue magunia yangu, mke wangu amesahau... amesahau leso."

"Leso? Basi tumwage kwenye turubai tuitafute."

"Siyo kumwaga. Nitaingiza mkono tu."

Mahona aliitoa kalamu sikioni. "Kwa nini isiwe kumwaga?"

Hapo Shigela, aliyekuwa wa pili kwenye foleni na magunia manne yake tayari kwenye rundo, akamsogelea Bundala akamwongelesha bila kufungua midomo. "Ukifungua lako, watafungua na letu. Yamechanganyika. Leso gani hiyo? Nitakununulia leso kumi."

Kila mwanaume pale gulioni alikuwa anatazama jambo lingine kabisa: mmoja anatazama mawingu, mmoja anakagua kwato za maksai wake. Hapakuwa na gunia kavu kutoka mwisho wa foleni hii hadi mwisho wa ile.

Eufrasia alisimama, mkono mmoja umeshika mkono wa Vero. Angeweza kusema yeye. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mumewe alikuwa mzee wa kanisa, aliyepitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili, na mke akimvua nguo mbele ya watu hazivaliki tena. Basi alimtazama tu. Jamani, aliogopa! Aliogopa kwamba atanyamaza, na kwamba yeye Eufrasia atalazimika kuishi na mtu aliyenyamaza siku ile.

Gunia liliinuliwa juu ya lori. Kamba ikaanza kufunguliwa.

"Acha!" Bundala alipiga kelele. Alivua kofia yake. "Acha hapo hapo. Pamba yangu ina maji."

Wanaume walio juu ya lori wakaiachia kamba.

"Ina maji na ina mchanga. Asubuhi ya leo, kwa mkono wangu huu. Na humo ndani kuna uzi wa mwanangu wa kwenda shule, ameusokota mama yake wiki mbili, na mimi nimeuleta hapa kuuza kama mwehu. Mwageni yote kwenye turubai."

Mahona alichoma mkono kwenye gunia la karibu mpaka kwenye kiwiko, akautoa umelowa, mchanga umemganda vidoleni. "Mzee wa kanisa!" alisema. "Nakukata kilo thelathini."

"Kata. Lakini kwanza mwanangu apate uzi wake."

Pengine mambo yangeishia hapo, Bundala akaenda zake amekatwa na ameaibika, kama siyo Nyanjige, ambaye alikuwa amekuja gulioni na pamba ya kwake na sauti ya kwake.

"Yeye kasema ya kwake!" alinguruma. "Na wewe mwenye kofia, mizani yako imetiwa nini?"

"Mizani iko sawa."

"Januarius! Ile saruji ya kigango, mfuko mmoja ambao haujafunguliwa, kilo ngapi?"

"Hamsini," katekista alisema. "Imeandikwa."

"Uleteni!"

Vijana wanne waliuleta wakikimbia, wakautundika. Mshale ukacheza, ukacheza, ukatulia kwenye arobaini na tatu. Watu walipasuka kicheko ambacho mabwana wa lori walikisikia mpaka kwenye mifupa. Wanawake walipiga vigelegele. Shigela, mtu mzima na mvi zake, alikaa chini kwenye mchanga akicheka huku akifuta machozi. Kisha akainuka akalifungua gunia lake mwenyewe, akaligeuza juu ya turubai, likatoa maji kama ng'ombe anayekojoa.

"Haya basi!" alisema. "Tumemaliza!"

Mahona alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Alikuwa kijana wa Itilima, mwana wa mkulima wa pamba. Nyumbani kwao nako walikuwa na ndoo na tawi. Waliafikiana kwa kelele, kila mtu akisema kwa wakati mmoja: pamba itaanikwa mpaka alasiri, mizani itarekebishwa kwa mfuko wa saruji, na leo watapimana kama binadamu. Turubai zikatandikwa, na kanga, na mashuka. Gulio zima likawa jeupe. Watu wakapiga magoti kuchambua pamba iliyolowa, na kila mara mmoja akipaza sauti, "Moja hili hapa!" vigelegele vinalia tena. Bonge la nane lilipatikana ndani ya gunia la Shigela, na hakuna ajuaye lilifikaje. La tisa alilipata Bundala mwenyewe. Akampelekea mkewe kwa mikono miwili.

Eufrasia alilipokea. Lilikuwa zito kwa maji, limekuwa rangi ya tope, na mchanga ulikwaruza vidole. Alikaa chini pale pale akaanza kulia.

"Umeharibika," alisema. "Siku nne hazitoshi kusokota mwingine. Umeharibika wote."

"Hebu," Sayi alisema. Alikuwa amefika nyuma yao na kukaa kivulini, fimbo mkononi. "Hebu nipe."

Alitafuta mwisho wa uzi kwenye bonge lililowahi kukauka juani, akavuta urefu wa mkono, akauacha uning'inie.

Uzi ulining'inia. Haukujikunja, haukujifunga fundo. Ulishuka chini umenyooka.

Sayi alitazama uzi, akamtazama mwanawe Bundala, akatazama uzi.

"Maji!" alipiga ukelele. "Ni maji! Mama yangu aliyatia mabonge kwenye chungu cha maji, akayaacha, akayakausha! Hicho ndicho nilichokisahau, maji!" Akampiga Bundala fimbo ya mgongo, polepole, mara mbili. "Wabeja, asante, mjinga wangu. Wabeja sana."

*

Walifua uzi kwa sabuni ya kipande, maji matatu, mchanga ukabaki chini ya karai. Juani ulirudi kuwa mweupe, si ule mweupe wa dukani unaoumiza macho, bali mweupe wa maziwa yaliyokaa. Eufrasia alifuma kwa siku tatu, mchana na usiku. Alifuma jiko likiwa limezimika, Nyanjige akileta ugali kutoka kwake. Alifuma Vero akimshikia uzi, Sayi akihesabu mishono kwa Kisukuma na kukosea. Bundala alikatazwa kukaribia. Alikaribia hivyo hivyo, kila saa, akisema amepita tu.

Jumatatu walifika Sola na vumbi lote la njia. Wasichana walikuwa wamepangwa langoni na masanduku yao, na Sista Felisita, mfupi, mwenye miwani, alikuwa anapita na orodha. Mbele yao msichana mmoja alikuwa ameleta sweta lenye alama ya duka iliyokatwa kwa wembe. Sista aliigusa ile sehemu iliyokatwa, akasema, "Mwanangu, rudi nyumbani," na baba wa yule binti akalibeba tena godoro. Eufrasia akavificha vidole vyake chini ya kanga.

"Veronica Bundala. Sweta."

Vero alilitoa. Sista akaligeuza nje ndani. Akavuta mshono wa bega, akavuta pindo. Akalishika kwa mkono mmoja kulipima uzito, akakunja paji la uso, akalipeleka karibu na miwani.

"Uzi huu sijauona popote. Nani kafuma?"

"Mimi, Sista," Eufrasia alisema. Akavitoa vidole vyake chini ya kanga.

Sista alivitazama vidole, akarudi kwenye sweta. Akasugua pindo kati ya vidole viwili, na chembe moja ya mchanga mweupe ikaangukia kwenye karatasi ya orodha, tik. Akaitazama chembe ile. Akamtazama baba.

"Mzee, mbona zito hivi? Humu mmetia nini?"

Bundala alivua kofia. Alinyoosha mgongo. Eufrasia aliona kinachokuja, akauma pindo la kanga kuzuia kicheko, kikamshinda.

"Pamba tu, Sista," Bundala alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Safari hii ni pamba tupu. Pima."